Kompyuta ya kwanza ya gemu, nyeupe ndani na nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayenunua vifaa kimoja kimoja na kuvifunga mwenyewe, au kwa msaada wa fundi, akitaka mashine ya rangi moja. Mfano tunaotumia ni kompyuta nyeupe ya soketi (tundu la kukalia prosesa) ya AM5 ya AMD. Anayetaka pinki, nyekundu au nyeusi na dhahabu asome yote, kisha amalizie na swali la 22.

## Kabla ya kutoa pesa

1. Nianze na rangi au nianze na vifaa?

Anza na gemu unazocheza na monita uliyonayo. Hizo mbili ndizo zinazokuambia unahitaji kadi ya grafiki (GPU) ya nguvu gani. GPU inakuongoza kwenye prosesa, prosesa inakupa soketi, na soketi ndiyo inayoamua madabodi (bodi kuu) na RAM (kumbukumbu ya muda). Kasha, kipoza na pawa saplai hufuata kwa vipimo vya hao waliotangulia.

Rangi huchaguliwa mwisho, lakini hukaguliwa tangu mwanzo. Kosa la kawaida ni kununua kasha jeupe kwa sababu limependeza dukani, kisha kila kitu kingine kulazimishwa kulifuata: GPU inakuwa ndefu kuliko nafasi, kipoza kinagusa kioo, madabodi nyeupe ya saizi hiyo haipatikani. Andika orodha nzima, kifaa kwa kifaa, na jina kamili la modeli, kabla ya kununua hata skrubu. Tovuti ya PCPartPicker inakagua soketi, aina ya RAM na urefu wa kadi bure. Haitakuambia kwamba toleo jeupe la kadi uliyochagua halipatikani Kariakoo wala Luthuli Avenue, kwa hiyo pigia maduka simu kwanza.

2. Mbona vifaa viwili vinavyouzwa kama vyeupe havifanani?

Kwa sababu hakuna kipimo kimoja cha weupe kinachofuatwa na kampuni zote. Rangi ya unga iliyopakwa kwenye chuma cha kasha huonekana tofauti na plastiki ya feni, na vyote viwili hutofautiana na alumini ya hitisinki (chuma cha kuondoa joto), ambayo mara nyingi ni ya fedha zaidi kuliko nyeupe. Kuna weupe unaoegemea bluu na weupe unaoegemea maziwa. Vikiwekwa pamoja, cha maziwa kinaonekana kimechakaa hata kama kimetoka kwenye boksi leo.

Njia rahisi ya kuficha tofauti ni kuwasha taa za ndani zikiwa nyeupe ya baridi au bluu hafifu, maana mwanga hufunika rangi. Taa za manjano hufanya kinyume: huanika kila tofauti.

Uwe makini pia na picha za matangazo. Madabodi nyingi zinazoitwa nyeupe zina hitisinki nyeupe juu ya bodi nyeusi. ROG Strix B650-A ya ASUS ni mfano. Ukitaka bodi yenyewe iwe nyeupe, tafuta matoleo yanayosema hivyo waziwazi, kama yale ya Gigabyte yenye jina ICE.

3. Je, kila kitu lazima kiwe cheupe?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Simama mbele ya kioo cha kasha na ujiulize jicho linaona nini: kasha, GPU, kipoza, feni, RAM, sehemu ya juu ya madabodi na nyaya zinazotokeza. Hivyo ndivyo vya kulipia rangi.

Pawa saplai katika makasha mengi hukaa chini ya kifuniko. Nyeusi inatosha, na tofauti ya bei iende kwenye ubora wake. SSD (diski ya kuhifadhi) hufunikwa na hitisinki ya madabodi. Prosesa haionekani kabisa.

4. Bajeti nigawanye vipi?

Kwa mashine ya gemu, GPU ichukue kati ya asilimia 35 na 45 ya pesa ya boksi, bila kuhesabu monita. Prosesa na madabodi kwa pamoja robo hivi. Kinachobaki kigawanywe kwa RAM, SSD, pawa saplai, kasha na kipoza. Bei ya RAM na SSD imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo hesabu za video za zamani zisikudanganye.

Toleo jeupe la kifaa kilekile kwa kawaida ni ghali zaidi. Ukiona nyongeza ya rangi kwenye orodha nzima inatosha kukupandisha ngazi moja ya GPU, basi chukua GPU bora na uache baadhi ya vitu viwe vyeusi. Mchanganyiko wa nyeupe na nyeusi uliopangwa hupendeza kuliko nyeupe iliyokwama kwenye fremu 40 kwa sekunde.

## Prosesa, madabodi na RAM

5. Nitajuaje kama prosesa inaingia kwenye madabodi?

Soma jina la soketi. Kwa AMD, prosesa za Ryzen 7000, 8000 na 9000 za kompyuta za mezani hutumia AM5, na AM5 inakubali RAM ya kizazi cha DDR5 peke yake. Ryzen 1000 hadi 5000 ni za AM4, zenye DDR4. Kwa Intel, kizazi cha 12, 13 na 14 ni LGA1700, na hapo madabodi ndiyo huamua kama ni DDR4 au DDR5. Core Ultra 200S ni LGA1851, DDR5 tu.

Kijiti cha DDR4 hakiingii kwenye nafasi ya DDR5 kwa sababu pengo la katikati limehamishwa. Kikikataa, usisukume.

Kwa anayeanza leo, AM5 ina faida moja kubwa: AMD imeahidi kuendelea nayo hadi angalau 2027, kwa hiyo unaweza kuanza na Ryzen 5 7600 na baadaye kubadilisha prosesa peke yake. Madabodi yako nyeupe inabaki, na huo ni uokoaji mkubwa kwa mtu wa rangi.

6. Soketi ni ileile, mbona prosesa mpya haiwashi?

BIOS (programu ya ndani inayoiwasha madabodi) ni ya zamani kuliko prosesa. Madabodi za B650 zilitoka 2022, na zile zilizokaa dukani tangu wakati huo hazizitambui Ryzen 9000 zilizotoka 2024 mpaka zisasishwe.

Angalia kama nyuma ya madabodi kuna kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa. Kikiwapo, unahitaji flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, faili la BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji lililopewa jina ambalo kitabu kinataka, na tundu lile la USB lililotiwa alama, si jingine. Unganisha pawa saplai, bonyeza kitufe, subiri taa iache kumetameta. Umeme ukikatika katikati unaweza kuhitaji kurudia tangu mwanzo, hivyo fanya ukiwa na UPS, betri ya akiba (swali la 15).

7. Herufi mwishoni mwa jina la prosesa zina maana gani?

F maana yake haina grafiki za ndani: Ryzen 5 7500F au Core i5-12400F haitatoa picha bila GPU. Si kasoro, lakini GPU ikiharibika huna hata njia ya kuona BIOS. X kwa AMD ni mwendo wa juu kidogo. X3D ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya ziada, na kwa gemu ndiyo bora zaidi. Ryzen 7 7800X3D haiji na kipoza. Ryzen 5 7600 isiyo na X huja na kipoza kidogo cheusi kinachotosha kwa wati zake 65, kwa hiyo unaweza kuahirisha kipoza cheupe hadi mwezi ujao.

8. RAM ninunue ya aina gani, na vijiti vingapi?

Vijiti viwili vya GB 16, DDR5-6000, CL30 (kipimo cha ucheleweshaji), vyenye EXPO (mpangilio wa AMD wa kuwasha mwendo huo), vilivyouzwa kama seti moja. Kwa AM5 mwendo wa 6000 ndipo bei na utendaji vinapokutana. Kupanda juu zaidi huleta usumbufu wa uthabiti kuliko faida. Pesa ikiwa haitoshi, viwili vya GB 8 ni afadhali kuliko kimoja cha 16, kwa sababu vijiti viwili hufungua njia mbili za data.

Viweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Madabodi nyingi zimeandika A2 na B2. Ukiviweka ya kwanza na ya tatu kompyuta huenda ikawaka, lakini mwendo wa 6000 utakusumbua.

9. Nafasi mbili zilizobaki zinaonekana tupu. Niongeze vijiti viwili vingine?

Usiongeze kwa sababu ya urembo. Kwa Ryzen 7000, AMD inaahidi 5200 kwa vijiti viwili na 3600 tu kwa vinne. Vinne vinaweza kwenda zaidi ya hapo, lakini wengi huishia kushusha mwendo ili mashine itulie. Kuchanganya seti mbili tofauti, hata za jina moja, ni kucheza bahati nasibu.

Kwa urembo peke yake kuna vijiti vya kujazia: vina taa na umbo la RAM lakini ndani hakuna kumbukumbu. Soma tangazo kwa makini, maana seti ya vijiti viwili inaweza kuwa na kimoja halisi na kimoja cha pambo.

## Kasha, upoaji na nafasi

10. Nipime nini kwenye kasha kabla ya kununua?

Vipimo vinne: saizi ya madabodi, urefu wa GPU, kimo cha kipoza, na aina ya pawa saplai.

Madabodi ya ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. Ndogo huingia kwenye kasha kubwa, lakini micro-ATX ndani ya kasha pana huacha shimo chini ambalo kwenye mashine nyeupe linaonekana kama jino lililong'oka. Kabla ya kulaza madabodi, hakikisha vinguzo vya shaba viko chini ya matundu yake tu. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu kinaweza kuleta shoti.

Nafasi ya GPU hupungua ukifunga radieta (ya kipoza cha maji) mbele. Radieta ya kawaida ina unene wa milimita 27 na feni 25, jumla 52. Kasha linalosema 360 linaweza kukuachia 308. Angalia pia kama mtengenezaji ameshatoa feni kwenye hesabu yake au la.

Aina ya pawa saplai husahaulika. Lian Li O11 Dynamic Mini ya kwanza inapokea saizi ndogo za SFX na SFX-L tu, ATX ya kawaida haiingii. Kasha linapendwa sana kwa weupe wake, na watu wengi wamegundua hilo wakiwa na bisibisi mkononi.

11. Kipoza cha hewa au cha maji?

Kwa Ryzen 5 7600, na hata 7800X3D, kipoza cha hewa cha mnara kinatosha. Vyeupe vizuri vipo: Thermalright Peerless Assassin 120 SE White na DeepCool AK400 WH, vyote vya kimo cha milimita 155. Cha maji nunua kwa sababu unapenda sura yake, au prosesa yako ni ya wati nyingi.

Mtego wa cha hewa ni RAM. Vijiti vyenye taa hufika milimita 44 hivi, na feni ya mbele ya kipoza hukaa juu yake. Ukiipandisha feni milimita 10 ili ipite, kipoza cha 155 kimekuwa 165, na kwenye kasha la kikomo cha 160 kioo hakifungi vizuri. Jumlisha kabla ya kununua.

Mtego wa AM5 ni bamba la nyuma. Limeshikamana na soketi, haling'olewi. Kipoza cha zamani cha AM4 kinachotumia bamba la asili la madabodi huingia. Kile kinachokuja na bamba lake chenyewe hakiingii.

Ukifunga cha maji, pampu isiwe sehemu ya juu kuliko zote kwenye mzunguko, la sivyo hewa itakusanyika ndani yake na utasikia mlio wa kukoroma. Radieta juu ya kasha ndiyo njia salama. Na kabla ya kukaza kipoza chochote, bandua ile karatasi ya plastiki chini yake. Prosesa iliyofika nyuzi 95 dakika ya kwanza, sababu mara nyingi ni hiyo.

12. Feni ngapi, na zielekee wapi?

Mbili au tatu za kuingiza hewa, moja ya kutoa nyuma, inatosha. Upande wa feni wenye fremu na waya ndio hewa inakotokea, na ndio upande mbaya kwa macho. Kwenye makasha yenye vioo viwili kama akwariamu, feni za chini na ubavuni huingiza hewa zikiwa zimekupa mgongo. Nunua feni za kugeuza, ambazo panga zake zimetengenezwa kinyume ili uso mzuri uelekee kioo.

Ziada ya hewa inayoingia hupunguza vumbi, kwa sababu hewa hutoka kwenye nyufa badala ya kuvutwa kupitia humo. Kwa miji yetu hilo lina uzito kuliko nyuzi mbili za joto.

13. Madabodi zenye plagi za nyuma zinafaa kwa mara ya kwanza?

Zinaficha waya zote na kwa mashine nyeupe hupendeza mno. ASUS huziita BTF, MSI huziita Project Zero. Lakini kasha lazima liwe na matundu mahali hasa zilipo plagi hizo, na nafasi zake hutofautiana kati ya kampuni, kwa hiyo jina la madabodi yako litokee kwenye orodha ya kasha. Kuna pia GPU za BTF zinazochukua umeme kupitia mdomo wa pekee kwenye madabodi. Kama ni kompyuta yako ya kwanza na vifaa vinatoka maduka matatu tofauti, chukua madabodi ya kawaida.

## GPU na umeme

14. GPU nyeupe nitaitambuaje, na inahitaji pawa saplai ya wati ngapi?

Majina ya kutafuta: ICE au Aero kwa Gigabyte, White kwa ASUS, Pure kwa Sapphire, Spectral White kwa PowerColor. Toleo jeupe linaweza kuwa refu au nene kuliko jeusi la chipu ileile, kwa hiyo pima kwa jina kamili.

Hesabu ya umeme si ngumu. RTX 5060 Ti hula wati 180, Ryzen 5 7600 haivuki 88, vilivyobaki weka 60: jumla 328. Pawa saplai ya wati 600 au 650 inakaa vizuri, maana GPU huwa na mishtuko ya sekunde ndogo inayopita kipimo chake. RX 9070 XT ya wati 304 na 7800X3D zinaweza kufika 530, hapo ni 750 au 850. Wati zilizoandikwa kwenye ubavu wa pawa saplai ya bei ya chai zisikuhadae. Tazama wati za mstari wa volti 12: ikiwa ya 600 ina 400 tu hapo, hiyo ni ya 400.

Kadi yenye plagi ndogo ya pini 16 isukume hadi mwisho, usiache hata ufa mwembamba, na waya usikunjwe karibu na mdomo. Acha kama sentimita 3.5 zimenyooka. Plagi iliyoingia nusu hupata joto na kuyeyuka.

15. Umeme wa huku unakatika na kupanda. Nifanye nini?

Kwanza, nunua pawa saplai ya volti 100–240 inayojirekebisha yenyewe. Zipo za bei ndogo zenye swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240, utasikia mlipuko na mambo yameisha.

Pili, UPS isome kwa wati, si kwa VA. Ya 650 VA kwa kawaida hutoa wati 360 hadi 390. Mashine ya wati 330 na monita ya 40 zinaijaza pomoni, na itapiga kelele umeme ukikatika katikati ya mechi. Chukua ya 1000 VA au zaidi. Pawa saplai za kisasa zina PFC hai (saketi inayorekebisha namna zinavyovuta umeme), na baadhi yake hugoma zikipewa wimbi la ngazi la UPS za bei nafuu, kompyuta ikazima papo hapo. UPS ya wimbi safi haina tatizo hilo. Dakika 5 za betri ni za kuhifadhi na kuzima, si za kumalizia mechi.

16. Naweza kutumia waya nyeupe za pawa saplai nyingine?

Usithubutu. Upande wa kifaa plagi hufanana kwa kampuni zote, lakini upande wa pawa saplai kila mmoja amepanga pini anavyotaka, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Waya huingia vizuri kabisa, kisha volti 12 inafika mahali pa volti 5 na SSD ya SATA inakufa kimya kimya.

Kinachofaa ni waya nyeupe za kurefushia: zinachomekwa mwishoni mwa waya za asili. Seti ya kawaida ina moja ya pini 24, moja au mbili za prosesa na mbili za GPU. Zinahitaji nafasi nyuma ya madabodi, walau milimita 20. Usichanganye ya prosesa na ya GPU. Zote ni za pini 8, ila ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya GPU 6 na 2.

## Taa

17. Plagi ya taa ya pini 3 na ya pini 4 zina tofauti gani?

Ya pini 3, yenye pengo moja, ni ARGB ya volti 5: kila taa inapokea rangi yake. Ya pini 4 ni RGB ya volti 12: ukanda mzima rangi moja. Ukilazimisha taa za volti 5 kwenye volti 12, zinaungua hapo hapo na dhamana haikusaidii. Madabodi huandika 5V au 12V pembeni ya pini. Soma kwa tochi.

Mdomo mmoja wa ARGB kwa kawaida hubeba ampea 3, na mdomo wa feni ampea 1. Feni tatu kwenye kigawanyo kimoja ni sawa. Feni tisa zinahitaji habu inayochukua umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai.

18. Feni za kampuni moja, RAM ya nyingine, madabodi ya tatu. Taa zitapatana?

Vikiwa ni vya ARGB ya kawaida, ndiyo, kupitia programu ya madabodi: Aura Sync, Mystic Light, RGB Fusion au Polychrome. Feni zenye mfumo wao, kama za Corsair za iCUE au Uni Fan za Lian Li, hutaka habu yao na mdomo wa USB wa pini 9 ndani ya madabodi. Hesabu midomo hiyo. Micro-ATX nyingi zina miwili tu, na kipoza cha maji huchukua mmoja. OpenRGB ni programu huria inayokusanya nyingi mahali pamoja. Kwa nyeupe tupu, weka rangi moja isiyobadilika, uondoe programu zote za ziada; mashine itakuwa nyepesi.

## Baada ya kufunga

19. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini hakuna picha.

Usifungue chochote kwa dakika 10 za kwanza. AM5 ikiwashwa mara ya kwanza hujifunza RAM, na kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa. Kuzima katikati ni kuanza upya.

Baada ya hapo, angalia waya ya monita: iende kwenye GPU, si kwenye madabodi. Kisha tazama vitaa vidogo vya madabodi vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. DRAM ikibaki inawaka, toa vijiti vyote, rudisha kimoja A2, sukuma hadi kibonye. VGA ikiwaka, chomoa GPU uirudishe na ukague waya zake. CPU ikiwaka, kagua ile ya pini 8 juu kushoto, ambayo husahaulika kuliko zote, kisha rudi swali la 6.

20. RAM ya 6000 inaonyesha 4800, na gemu moja inagoma kufunguka. Nimeuziwa feki?

La. 4800 ndiyo mwendo wa kuanzia. Ingia BIOS, washa EXPO, hifadhi. Mashine ikianza kuganda, shusha hadi 5600 kwanza kabla ya kulaumu duka.

Gemu inayogoma huenda ni Valorant, ambayo kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama. Vyote viko BIOS. Secure Boot haiwaki kama CSM (hali ya kuiga BIOS ya zamani) iko wazi au diski ilifomatiwa kwa MBR (mpangilio wa zamani wa diski), kwa hiyo panga hayo kabla ya kuweka Windows.

21. Nikiagiza Dubai au Marekani, au nikinunua vilivyotumika?

Dubai ni rahisi kwa upande wa umeme: volti na plagi ya pini tatu bapa ni kama zetu. Kutoka Marekani, badilisha waya ya ukutani na ukague swichi ya volti (swali la 15). Kipande cha kioo cha kasha hupasuka njiani kuliko kitu kingine chochote; kasha linunuliwe karibu hata kama vingine vinatoka mbali.

Vya mtumba: GPU na RAM vinajaribika mbele ya macho yako kwa nusu saa ya gemu nzito. Pawa saplai haijaribiki hivyo, nunua mpya. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zenye wati nyingi zilikuwa na hitilafu ya volti. Intel ilitoa marekebisho ya mikrokodi 2024, lakini iliyokwisha kuharibika haiponi. Plastiki nyeupe iliyotumika kagua mchana, nje, maana miale ya jua huigeuza njano na taa ya duka huificha. Kwa sababu hiyohiyo usiiweke yako dirishani, hasa Mombasa, Tanga au Unguja ambako chumvi ya hewani nayo hula skrubu na midomo ya USB.

22. Nataka rangi nyingine, si nyeupe. Nianze upya?

Usianze upya. Kwa pinki, kijani au zambarau, jenga nyeupe kisha tia rangi kwa taa na waya za kurefushia. GPU za pinki zipo chache na bei zake hazina adabu. Nyekundu inakaa vizuri juu ya nyeusi. Juu ya nyeupe mwanga wake hugeuka waridi. Ukitaka kusimamisha GPU wima ili uso wake uonekane, waya bapa wa kuiunganisha uwe wa PCIe 4.0 (toleo la njia ya data ya kadi). Ukiwa na wa 3.0, shusha mdomo hadi Gen 3 ndani ya BIOS kabla ya kuufunga, vinginevyo utapata kioo cheusi. Ujue pia kwamba RTX 5060 Ti hutumia njia 8 tu, hivyo Gen 3 inaibana, hasa ile ya GB 8. Acha nafasi kati ya feni za kadi na kioo, angalau sentimita 3, la sivyo itakuwa inavuta hewa yake yenyewe.